Lugha tatu za Bomberai na jamaa zao wa ng'ambo

Mwaka 2024, Google walipotoa ripoti ya modeli yao ya akili bandia, Gemini 1.5, kipengele kimoja kilivuma kuliko vingine. Modeli ilipewa kitabu cha sarufi cha kurasa kama 500, orodha ya maneno yapata 2,000 na sentensi kama 400 zilizokwisha kutafsiriwa, vyote vya lugha moja ambayo mtandaoni ni kama haimo. Kisha ikatakiwa itafsiri. Ikatafsiri kutoka Kiingereza kwa kiwango kinachokaribiana na cha mtu aliyejifunza kwa nyenzo hizohizo. Lugha yenyewe ni Kikalamang.

Karibu kila aliyeandika habari ile alisema ni lugha ya watu wasiofika 200 huko Papua, akapita zake kurudi kwenye kompyuta. Mimi nikabaki hapo kwenye Papua. Kitabu kile kimeandikwa na Eline Visser, mwanaisimu aliyekaa na wazungumzaji kisiwani kwao kwa ajili ya shahada yake ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Lund, Sweden. Kilitoka kama kitabu mwaka 2022 na kinapakuliwa bure. Nilikipakua kwa sababu ya Gemini, nikaendelea kukisoma kwa sababu ya swali lisilohusiana na mashine hata kidogo: hawa Wakalamang, ndugu zao ni akina nani?

Jibu la haraka ni kwamba wana ndugu wawili, Kiiha na Kimbaham, wanaozungumzwa nchi kavu upande wa pili wa maji. Jibu refu ni kwamba huenda wana jamaa wengine zaidi ya ishirini, karibu kilomita elfu moja kusini-magharibi, ng'ambo ya bahari, kwenye visiwa vya Timor, Alor na Pantar. Kutoka jibu la kwanza hadi la pili wanaisimu wametumia zaidi ya nusu karne, na njiani wamegombana, wakarudi nyuma, wakagombana tena.

Kwanza mahali penyewe. Ukitazama kisiwa cha New Guinea kwenye ramani utaona umbo la ndege, kichwa kikielekea magharibi. Chini ya shingo ya ndege huyo kuna rasi ya Bomberai, upande wa Indonesia. Mji wake unaojulikana ni Fakfak, na Fakfak inajulikana kwa kungumanga. Ni kungumanga yao wenyewe, ndefu kuliko ile ya mviringo iliyowapiganisha Wazungu visiwani Banda. Biashara ya viungo, magome ya miti yenye harufu, manyoya ya ndege na watumwa iliwaunganisha watu wa pwani hii na wafanyabiashara wa Seram na Gorom, na masultani wa Tidore wakadai kwamba pwani ni yao. Uislamu uliingia kwa njia hizohizo za majahazi. Msomaji wa Lamu au Pemba hahitaji kuelezwa zaidi jinsi pwani ya namna hiyo inavyokuwa, wala kwa nini lugha yake hujaa maneno ya wageni.

Kikalamang kinazungumzwa kwenye kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Karas, katika vijiji viwili, Mas na Antalisa. Kwa makadirio ya Visser, wanaokimudu barabara ni kama 130. Watoto wanaozaliwa sasa wanakua na Kimalei cha Papua. Kiiha na Kimbaham wana watu wengi zaidi, wakiwa Fakfak yenyewe na vilima vya karibu. Hizo ndizo lugha tatu zilizozoeleka kuitwa familia ya Bomberai Magharibi, na mtu akisoma orodha za lugha za dunia anaweza kuziruka bila kujua kwamba ameruka familia nzima.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu neno "Kipapua", maana linadanganya. Ukisikia lugha za Kibantu unajua kuna nasaba: Kiswahili, Kizulu, Kilingala na Kihaya vimetoka kwa mzazi mmoja, na wataalamu wanaweza kukuonyesha alivyokuwa akisema. Lugha za Kipapua si hivyo. Ni lugha zaidi ya 800 za New Guinea na visiwa vya jirani zilizowekwa kwenye kapu moja kwa sababu moja tu: si za Kiaustronesia, ile familia kubwa ya Kimalei, Kijava na Kimalagasi cha jirani zetu wa Bukini. Ndani ya kapu hilo kuna familia kadhaa kadhaa, na lugha nyingine hazijapatiwa ndugu yeyote. Kwa hiyo mtu akikuambia lugha fulani ni ya Kipapua, amekuambia isivyo. Hajakuambia ilivyo.

Kutafuta ndugu katika hali hiyo ni kazi ngumu, na ugumu wake nauelewa vizuri zaidi nikirudi nyumbani. Chukua Kiswahili na Kikuyu. Sisi tunasema kupanda mbegu, wao wanasema kũhanda. Sisi mgonjwa anapona, kwao kũhona. Sisi tunapura nafaka, wao kũhũra ni kupiga. Penye P yetu, wao wana H, na si mara moja. Huo mpangilio unaojirudia ndio ushahidi. Maneno kufanana peke yake hakutoshi, kwa sababu maneno hukopwa. Mtu asiyejua historia yetu akichukua sita, saba na tisa, akaziweka kando ya hesabu za Kiarabu, anaweza kutangaza kwamba Kiswahili ni mtoto wa Kiarabu, na wapo waliowahi kutangaza hivyo kwa sauti kubwa. Lakini mimi, wewe na yeye hatukukopa kwa mtu. Viwakilishi vya nafsi, viambishi, maneno ya kula na kufa, hayo ndiyo mambo ambayo lugha huyashikilia hata soko likibadilisha kila kitu kingine.

Wabantu wana bahati: lugha ni nyingi, zimeandikwa sana, na kutengana kwao si kwa kale mno. Bomberai hakuna bahati hata moja kati ya hizo. Lugha ni tatu, hadi juzi zilikuwa zimeandikwa kwa orodha fupi za maneno za maofisa na wasafiri, na kama zina jamaa mbali, walitengana zamani sana.

Ndiyo maana watu walijaribu njia za mkato. Maarufu kuliko wote ni Joseph Greenberg, Mmarekani ambaye sisi Waafrika tunamdai heshima, kwa kuwa uainishaji wake wa 1963 ndio ulioiweka Bantu mahali pake ndani ya Niger-Kongo. Mwaka 1971 akageukia Pasifiki. Akachukua karibu lugha zote za Kipapua, akaongeza za visiwa vya Andaman katika Bahari ya Hindi na hata za Tasmania, akasema ni familia moja, Indo-Pasifiki. Hakuna aliyekubali, isipokuwa wachache mno. Njia yake ilikuwa kuweka maneno ya lugha nyingi pembeni kwa pembeni na kutazama yanayofanana, na ukitazama lugha mia kadhaa namna hiyo, kufanana hakukosi.

Ni njia ileile iliyomfanya Greenberg aweke Kihadza cha Ziwa Eyasi na Kisandawe cha Dodoma pamoja na lugha za kusini mwa Afrika kwenye fungu aliloliita Khoisan, zote zikiwa na zile sauti za kualisha ulimi. Leo wataalamu wengi wanaichukulia Kihadza kuwa lugha isiyo na ndugu anayejulikana. Nimewahi kusikia mwongoza watalii akiwaeleza wageni, kwa uhakika wa ajabu, kwamba Wahadza "wanasema Kibushmeni". Nadharia ikishakufa chuoni, barabarani inaishi miaka hamsini mingine.

Wataalamu wa New Guinea nao walikuwa na lundo lao, ila la heshima zaidi. Kuanzia miaka ya 1970, Stephen Wurm na wenzake walijenga kundi kubwa waliloliita Trans-New Guinea, likienea kutoka mashariki ya kisiwa hadi Timor, mamia ya lugha. Bomberai ikatiwa humo. Timor, Alor na Pantar pia. Ushahidi ulikuwa mwembamba mahali pengi na wakosoaji hawakukaa kimya. Mwaka 2005 Malcolm Ross akaja na wazo la busara: tuanze na viwakilishi vya nafsi peke yake, tuone vinatupeleka wapi. Lugha mame ya kundi hilo, yaani mzazi wao wote, alisema, ilikuwa na kitu kama *na* kwa "mimi" na *ga* kwa "wewe". Lugha za Bomberai zikabaki ndani.

Tazama basi Kikalamang. "Mimi" ni *an*, "wewe" ni *ka*, "yeye" ni *ma*. Kwa "sisi" wana maneno mawili, jambo ambalo Kiswahili hakina. *Pi* ni sisi pamoja na wewe ninayezungumza nawe. *In* ni sisi bila wewe. Mtu akikuambia "tunakwenda sokoni" kwa *in*, usiinuke, hujaalikwa.

Sasa vuka bahari hadi Alor, kisiwa cha milima mikali kaskazini mwa Timor, ambako mahari hadi leo hutajwa kwa ngoma za shaba ziitwazo moko. Kuna lugha ya huko inaitwa Kiabui. Viwakilishi vyake vinabandikwa mbele ya kitenzi au nomino, kama viambishi vyetu. "Mimi" ni *na-*. "Sisi bila wewe" ni *ni-*. "Sisi pamoja nawe" ni *pi-*.

Soma tena taratibu: *an* na *na-*, *in* na *ni-*, *pi* na *pi-*. Nilipoviona vimepangwa hivi mara ya kwanza, niliamini papo hapo. Kisha nikaona kwa nini wenye akili zaidi yangu hawakuamini papo hapo. Silabi hizi ni fupi mno. Sauti N kwa "mimi" inapatikana katika lugha nyingi sana duniani, Kiswahili kikiwemo: ni-na-kwenda. Halafu "yeye" haikubali: lugha mame ya Alor na Pantar inaonekana kuwa na *ga-*, wakati Kikalamang kina *ma*. Jiwe kwa Kikalamang ni *yar*, na lugha mame ya Timor, Alor na Pantar inajengwa upya kuwa na *war*. Inapendeza, lakini jozi moja ya jiwe haijengi ukuta. Kula kwa Kikalamang ni *na*, na mizizi ya N yenye maana ya kula imejaa New Guinea nzima, kwa hiyo hata kama ni urithi, ni urithi wa watu wengi.

Kufanana kwa muundo nako hakusaidii kama unavyodhani. Kikalamang kinaweka kitenzi mwishoni mwa sentensi, na yambwa inapewa mkia: samaki ni *sor*, lakini samaki anayeliwa ni *sorat*. Lugha za Alor nazo huweka kitenzi mwishoni. Kikalamang kina viashiria vya huko juu na huko chini, na lugha za Alor na Timor ni mabingwa wa jambo hilo, haziwezi kukuonyesha kitu bila kusema kiko juu yako, chini yako au usawa wako. Lakini watu wanaoishi mlimani kutaja mlima si ushahidi wa undugu. Wachaga nao husema kupanda na kushuka siku nzima.

Kazi ya kweli ilianzia nyumbani kwa kila kundi. Mwaka 2012 Gary Holton, Marian Klamer na wenzao walionyesha, sauti kwa sauti, kwamba lugha za Alor na Pantar ni familia moja. Wakati huohuo Antoinette Schapper na wenzake walifanya hivyo kwa Kibunak, Kimakasae, Kifataluku na Kioirata za Timor na kisiwa kidogo cha Kisar, kisha makundi mawili yakaunganishwa kuwa Timor-Alor-Pantar. Hapo ndipo ulipopatikana mzazi wa kulinganishwa. Mwaka 2014 Holton na Laura Robinson wakampima mzazi huyo dhidi ya lugha za New Guinea, Bomberai ikiwemo, na jibu lao likawa baridi: ushahidi hautoshi, tuiache familia hii isimame peke yake.

Napenda sana makala za namna hiyo. Watu wamefanya kazi miaka, wana kila sababu ya kutamani kutangaza ugunduzi, wanaishia kusema hatujaona. Hazitajwi magazetini.

Kisha mwaka 2022, Timothy Usher na Schapper wakachapisha katika jarida la Oceanic Linguistics hoja kwamba undugu upo. Waliita kundi hilo Bomberai Magharibi Kubwa: Kikalamang, Kiiha, Kimbaham na zile za Timor, Alor na Pantar zote. Kilichobadilika kati ya 2014 na 2022 ni data. Kitabu cha Visser na kamusi yake vilikuwa vinajitokeza, na mzazi wa lugha za visiwani alikuwa anaeleweka zaidi, hivyo ikawezekana kutafuta ile P-na-H ya kujirudia badala ya kuhesabu maneno yanayopendeza machoni. Wapo watakaopinga vipande vya hoja hiyo, na ndivyo inavyotakiwa. Kwa maoni yangu mzigo sasa umehamia kwa wanaokataa.

Na kama ni kweli, historia inakuwa nzito. Watu wanaosema lugha hizi walivuka bahari, ama kutoka New Guinea kwenda Timor, ama kinyume chake. Timor ilikuwa na watu zaidi ya miaka 40,000 iliyopita, hivyo hatuwezi kusema waliikuta tupu. Waaustronesia walifika visiwa hivi kama miaka 3,500 iliyopita na leo ndio wengi. Kitetum cha Timor-Leste ni chao. Lakini mzazi wa lugha za Alor na Pantar anaonekana alikuwa tayari na maneno ya nguruwe na popoo yaliyokopwa kwa Waaustronesia, maana yake watoto wake walitawanyika baada ya wageni kufika. Mara nyingi tunasimuliwa kwamba Waaustronesia walikuja na wenyeji wakamezwa. Timor mashariki Kimakasae kina wazungumzaji wapatao 100,000 na hakijamezwa na mtu.

Niruhusu nichepuke kidogo. Wanaotetea Trans-New Guinea, hasa Andrew Pawley, huhusisha kuenea kwake na kilimo. Kwenye kinamasi cha Kuk, nyanda za juu za Papua New Guinea, wanaakiolojia wamekuta mitaro na alama za kilimo cha ndizi cha miaka kama 7,000 iliyopita, na UNESCO wameiweka Kuk kwenye urithi wa dunia tangu 2008. Ndizi tunazokula leo zina damu ya ndizi-mwitu ya New Guinea, na hizo ni pamoja na ndizi za Bukoba na matoke ya Uganda. Muwa nao asili yake ni huko. Kwa hiyo Mhaya anayekwambia kwamba bila ndizi hajala, anamdai shukrani mkulima wa Kipapua asiyejulikana jina, aliyesema lugha ambayo leo tunagombania nasaba yake. Siku nikifika Fakfak nitaanzia mazungumzo hapo, si kwenye viwakilishi.

Nirudi kwa mashine. Mwaka huohuo wa 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam waliichunguza upya kazi ile ya kutafsiri Kikalamang kwa kitabu kimoja. Walitenganisha maelezo ya sarufi na sentensi za mifano zenye tafsiri. Walichokuta ni kwamba karibu faida yote ilitoka kwenye sentensi za mifano. Maelezo ya sarufi, yale aliyoyatolea jasho Visser, hayakuisaidia modeli kwa kiasi cha maana katika kutafsiri. Nilicheka peke yangu. Sura za viwakilishi na viambishi, ambazo mashine iliziruka, ndizo zilizowapa wanaisimu pa kushika katika swali la undugu.

Ila sicheki sana, kwa sababu hizo sentensi za mifano nazo zilitoka kwenye vinywa vya watu wa Mas. Mtu alikaa chini, akasimulia jinsi anavyovua, jinsi anavyopika, hadithi za mababu, mwingine akarekodi na kuandika neno kwa neno. Hakuna modeli iliyofanya hiyo kazi na hakuna njia ya kuikwepa. Ukitaka kujua kama *yar* na *war* ni jiwe moja, unahitaji maneno mengine mamia ya kupima, na maneno hayo yako kwa watu wazima ambao wajukuu wao huwajibu kwa Kimalei.

Kiiha na Kimbaham hazijapata kitabu cha ukubwa wa kile cha Visser, na hoja ya undugu na Timor inazihitaji hizo mbili pia, maana Kikalamang kilikaa baharini kikikopa kwa kila jahazi lililopita. Zikipata sarufi na kamusi kamili, nadhani hoja ya Usher na Schapper itapanda au kuanguka ndani ya miaka michache. Kama kuna kijana wa Jayapura au Manokwari anayetafuta mada ya uzamili, na najua hatasoma Kiswahili changu, aanzie kwenye vilima vya nyuma ya Fakfak, kwa Wambaham.